Nyumba Iliyo Chini ya Tangi

Juzi, katika ukumbi wa kanisa huko Birongo, afisa wa maji kutoka mjini alituomba tukubali bili zetu zipande kidogo. Mabomba yetu na tangi la kilimani vimezeeka, alisema, na ardhi ikitetemeka vitapasuka. Pesa hizo zingeviimarisha.

"Matetemeko ni ya Japani," mzee mmoja akamkatiza. "Hapa kinachotusumbua ni mvua ya mawe."

Tukacheka. Mama mmoja anayeuza ndizi katika soko la Daraja Mbili hakucheka. Alisimama, akakaza leso kiunoni, akamkabili afisa.

"Kijana wangu, nyumba yangu iko chini ya hilo tangi. Lori la majani chai likipita tu, kuta zinatetemeka, nami natoka nje mbio na wajukuu. Wewe unaishi wapi?"

"Mjini, mama."

"Chini ya tangi?"

"Hapana, mama."

"Basi mimi nitalipa. Lakini mpaka kazi iishe, uwe unakuja kulala kwangu mara moja moja. Chakula nitapika."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Afisa naye alicheka, akachungulia kilimani kupitia dirishani, akaacha kucheka. Akaahidi kwamba mafundi wataanza na tangi, mabomba yafuate. Hapo mikono ya kukubali ikainuka, hata wa yule mzee wa Japani.

Nami niliinua wangu. Mama akanigeukia, akaniuliza kama ningependa kuwa mgeni wake wa kwanza. Nilimshukuru sana, nikamwambia nina safu ya gazeti ya kuandika.