Namba Chini ya Hijabu

Magodoro yalitoka bweni la wavulana, na harufu yake ilitangulia kufika. Tuliyapanga nyuma ya sanduku la kuruka, kwenye uwanja wa shule yetu pale Garissa, asubuhi ya mashindano ya jimnastiki. Ilikuwa miaka ya tisini. Msichana mmoja tu angechaguliwa kwenda Nairobi, na angekuwa mimi au binamu yangu. Kila mtu alilijua hilo, hata mbuzi.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamume, kwa hiyo hakutugusa. Mazoezini aliyetudaka ni mpishi wa shule, mama mwenye mikono ya kukanda unga, tuliyemwita eedo, yaani shangazi. Lakini waamuzi walikuwa wametoka Kenya, kama tulivyopaita kila mahali ng'ambo ya daraja la Tana, nao wakamrudisha mpishi nyuma ya kamba. Walimtaka mwalimu ndiye asimame kudaka.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya binamu. Hijabu yake ikalegea, akaenda kuifunga upya, na mwalimu akaniambia nitangulie. Nikakimbia, nikaruka, nikatua wima. Nilifurahi mpaka masikio yakawaka moto.

Kisha akaruka yeye. Mguu ukagonga sanduku. Mwalimu akanyoosha mikono, akawaona kina baba waliosimama kando, akairudisha. Niliusikia mfupa wa mkono wa binamu ukivunjika.

Namba zetu zilikuwa mgongoni mwa fulana, na hijabu zilizifunika. Hakuna aliyeliwazia jambo hilo. Mwamuzi akaandika alama kwa kufuata zamu zilivyopangwa: kuruka kwangu kukawa kwake, kuanguka kwake kukawa kwangu. Kipaza sauti kikautangazia mji mzima. Binamu wa kwanza; mimi, eti nimeanguka na kuvunjika mkono, wa mwisho.

Mwalimu akamkimbilia mwamuzi. "Mzee, yule ameanguka iko hosbitali! Huyu hapa ndiyo mzima!"

"Maji yakimwagika hayazoleki," mwamuzi akajibu, akafunga mkoba wake.

Nairobi haiwezi kupokea mkono wenye plasta, basi akaenda aliyeshika nafasi ya pili, msichana kutoka Masalani. Sikulia. Eedo alinipa chai ya maziwa ya ngamia, akaniuliza, "Wewe husikii uchungu?" Nikatafuta ndani yangu, sikupata kitu. Nikamwambia chai ni tamu.

Sikuruka tena. Binamu alipona, akaolewa, na mkono wake sasa unabeba watoto. Lakini mji uliamini kipaza sauti. Wanawake wa soko la maziwa walikuwa wakinisimamisha, "Maskini, ule mkono wako umebona?"

Mwanzoni nilikuwa nakunja mkono wa nguo kuwaonyesha kwamba haukuvunjika kamwe. Waliutazama, wakasema Mungu ni mkubwa, umeunga vizuri. Siku hizi wakiniuliza, najibu tu, "Alhamdulillahi, umepona."