Siku Ambayo Mama Fanny Hakuonja

Saa sita na nusu mchana. Bugali umeshafika mezani, unafuka mvuke, lakini hakuna anayenyoosha mkono. Mafundi ujenzi sita kutoka Mboko wameketi kwenye meza ndefu ya mbao, wameshanawa na mikono bado inachuruzika maji. Wote wanamtazama mama mmoja mfupi aliyejifunga kitenge cha kijani.

Mama anamega tonge, anachovya mchuzi wa samaki, anakula. Anachuna kipande cha mnofu karibu na kichwa, anakula. Anachota sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa kijiko, anakula. Kisha anakunywa funda moja la maji kutoka kwenye jagi lile lile watakalonywea wao. Anameza polepole, ili waone koo likipanda na kushuka.

"Karibuni, bapapa," anasema.

Bado wanangoja. Mmoja anajifanya kusoma kitu kwenye simu. Zinapita dakika mbili, labda tatu, ndipo mkubwa wao anapoingiza mkono katika bugali na wengine wanamfuata.

Jina lake ni Anastasie, ana miaka hamsini na mmoja, na mjini Baraka anajulikana zaidi kama Mama Fanny, kwa jina la binti yake wa kwanza. Amefanya kazi katika mgahawa huu ulio jirani na soko kwa miaka kumi na saba. Anachota maji, anawanawisha wateja, anapakua, anaosha vyombo. Kwa siku analipwa faranga elfu saba na sahani moja ya chakula. Lakini kazi anayotazamwa nayo ni hiyo nyingine, ya kuonja.

Huku Fizi, kama sehemu nyingi za Kivu, anayekukaribisha chakula hukitangulia mwenyewe. Soda hufunguliwa mbele ya macho yako, na aliyeileta akipiga funda la kwanza hakuna anayemwona mchoyo. Ni adabu. Ni kumwambia mgeni kwamba humu hamna sumu, kula na moyo wako utulie. Nyumbani kazi hiyo ni ya mama mwenye jiko. Hapa ingekuwa ya Bertin, mwenye mgahawa, ila Bertin ana vidonda vya tumbo na pilipili humlaza kitandani, hivyo alimwachia Anastasie tangu mwaka wa kwanza.

"Zamani ilikuwa mucheko tu," anasema Anastasie. "Nilikuwa naonja mbio mbio, bananiambia, 'Mama Fanny, unatumalizia samaki!' Sasa bananiangalia kama niko mbele ya juge, kortini."

Siku hizo za kicheko meza hii ilikuwa na wenyewe. Walikuwa tisa, wakajiita Wajaribu, na kila siku ya soko walikula pamoja. Georgette, muuza samaki, alivuka kwa mtumbwi kutoka Ubwari. Wilfried, muuguzi, alikuja na koti lake jeupe amelikunja kwapani. Ngabo, mfanyabiashara wa ng'ombe, alishuka kutoka milimani kwa miguu, siku mbili njiani na mifugo yake.

Utaratibu wao ulikuwa wa watu wasiokuwa na haya. Kila wiki mmoja wao aliwekewa kitu ambacho hajawahi kukitia mdomoni. Hakuruhusiwa kuuliza ni nini mpaka ameze. Wenzake nao hawakuruhusiwa kumcheka kabla hajameza. Akitema, wiki inayofuata ndiye anayeshika birika na kuwanawisha wenzake wote, akianza na mwenye umri mdogo. Hiyo ndiyo ilikuwa aibu yenyewe, na Anastasie anasema iliwafanya watu wazima wameze mambo mengi huku machozi yakiwatoka.

Ngabo alikuwa na miaka arobaini na mitatu na hakuwa amewahi kula samaki. Kwao, kama kwa wafugaji wengi wa rika lake, alikulia kwenye maziwa na maharagwe, na samaki alimwona kama mdudu wa majini. Walimpa ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Alifumba macho, akatafuna, akameza, kisha akatazama kilichobaki kiganjani. "Kumbe iko na macho!" alisema, na meza nzima ikaanguka kicheko.

Wiki iliyofuata alilipiza. Alishusha kibuyu cha mashanza, maziwa yaliyoganda kwa siku nyingi, akakisogeza mbele ya Georgette. Georgette alikuwa hodari wa maneno kuliko wote. Ndiye aliyeshika birika wiki iliyofuata.

"Mi nilikuwa napenda ile siku kupita siku ya Noeli," anasema Anastasie. "Mubembe wa huku ziwani, mutu wa mulima, mwalimu, mutu wa mashua, bote mikono ndani ya sahani moja. Na mi njo nilikuwa nabafungulia chakula."

Mambo yaliharibika zaidi ya miaka miwili iliyopita, na yaliharibikia katika kitu kidogo cha heri.

Risasi zilikuwa zimeanza kusikika tena kwenye barabara ya milimani. Wanawake wa kanisa la Anastasie wakakubaliana kufunga siku tatu bila chakula wala maji, kuiombea barabara hiyo amani. Hakuna aliyepiga hesabu ya siku. Siku ya tatu ikaangukia siku ya soko.

Na ilikuwa zamu ya Ngabo. Walikuwa wamemwandalia kambare mzima, samaki asiye na magamba, mwenye kichwa kipana na masharubu. Anastasie aliweka sinia mezani, akarudi nyuma hatua mbili, akashika mikono yake.

"Nilibaambia, 'Leo nafunga, ni ya Mungu, munisamehe.' Papa Ngabo akacheka. Akaniambia, 'Mama Fanny, funga tu, utuombee barabara. Mi nitaonja mahali pako.' Akaanza yeye."

Kesho yake Ngabo alianza kuhara na kutapika katika nyumba alimopanga karibu na ziwa. Walimbeba kwa pikipiki hadi kituo cha wagonjwa wa kipindupindu. Siku iliyofuata alifariki.

Wilfried alikuwa zamu kituoni. Alikuwa pia amekula samaki yule yule, na hakupatwa hata na msokoto wa tumbo. Wote wanane waliobaki walikuwa wazima. Wiki hiyo, anasema, walipokea wagonjwa ishirini na saba kutoka mtaa ule ule aliolala Ngabo, mtaa unaochota maji ya kunywa ziwani.

"Nilibaeleza, nikaandika, nikabaonyesha karatasi ya laboratoire," anasema Wilfried. "Batu habakuuliza karatasi. Baliuliza kitu kimoja tu: mama alionja?"

Jibu lilikuwa hapana, na jibu hilo likapanda mlima haraka kuliko mtu yeyote ambaye angeweza kwenda kulieleza. Maiti ya kipindupindu huzikwa mbio, katika mfuko uliofungwa, na watu waliovaa glovu. Umwali, mke wa Ngabo, alipofika alionyeshwa udongo. Hakuuona uso wa mumewe. Kwa mtu ambaye tayari amesikia habari ya sumu, mfuko uliofungwa si kinga ya ugonjwa; ni kitu cha kuficha.

Wafanyabiashara wa milimani wakaacha kukaa kwenye meza ile. Wiki tatu baadaye Georgette alipandisha samaki wake soko la juu, akasimamishwa njiani na vijana ambao hadi leo hakuna aliyewataja. Samaki wakamwagwa matopeni, naye akapigwa mpaka mkono ukavunjika. Habari ilipofika Baraka, kibanda cha mtu mmoja wa milimani, fundi wa redio asiyemjua Georgette wala Ngabo, kikachomwa moto.

Halafu bunduki zikaendelea na kazi yake. Ukweli usemwe, vita hivi havikuanzia kwenye sinia la Anastasie. Vilikuwapo kabla yake, na vina wakubwa wanaovilisha kila siku bila kuonja chochote. Yeye mwenyewe analijua hilo, na watu wema wamemwambia mara nyingi. Halimsaidii kitu.

Kanisani wanawake waliofunga naye walianza kuhama benchi alilokaa. Harusini alinyimwa mwiko. Yapo majirani ambao hadi leo hawapokei hata chumvi kutoka mkononi mwake. Bertin hakumfukuza kazi, ingawa wateja walipungua hadi akaona aibu kufungua mlango.

"Nikimufukuza, nitakuwa nimekubali kama alifanya," anasema Bertin. "Na hakufanya."

Mwezi wa nne mwaka huu, makanisa yaliandaa mkutano wa amani, na msafara ukashuka kutoka milimani ukiwa na ulinzi. Mchana wa siku ya pili watu wanne waliingia mgahawani. Mbele alikuwa Rugema, kaka mkubwa wa marehemu Ngabo. Nyuma yake alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, aliyevaa nguo nyeusi. Anastasie hakuwa amewahi kumwona, lakini alimjua kabla hajaambiwa jina.

Umwali aliketi kwenye ncha ya meza. Aliagiza kambare mzima, na kichwa chake.

Anastasie alimpika mwenyewe. Alileta sinia, akaleta birika. Rugema na wenzake walinawa. Umwali hakunyoosha mikono. Anastasie akamega tonge, akaonja mchuzi, akaonja mnofu, akasema karibuni kwa sauti ambayo anasema hata yeye hakuisikia.

"Endelea," alisema Umwali.

Anastasie akala tonge la pili.

"Endelea, mama."

Akaelewa. Akavuta kiti, akaketi mbele ya mjane, akala. Bertin alitaka kuingilia kati, Rugema akamwinulia mkono. Anastasie alikula mgongo, akala tumbo, akavunja kichwa na kukifyonza, machozi yakimdondokea mchuzini, akipaliwa na kuendelea. Kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa. Ilipobaki mifupa, Umwali alivuta sinia kwake akalitazama vizuri.

"Nilitaka nione mutu anaikula yote, na anasimama," alisema. "Batoto bananiuliza kila siku, papa alikula nini? Sasa nitabaambia nimeona."

Kisha akauliza jambo moja. "Ile siku, ni kweli yeye njo alianza?"

"Ni kweli, mama. Nilimuambia nafunga. Akasema ataonja mahali pangu."

Umwali alifunika mdomo kwa upindo wa nguo yake. "Ni yeye kabisa," alisema mwishowe. "Alikuwa vile."

Hakula. Hakuna kati yao aliyekula siku hiyo, ingawa Rugema alilipa chakula chote na kukataa kurudishiwa fedha. Mlangoni Umwali aligeuka akasema kwamba likizo ya shule ikifika, na barabara ikiwa wazi, atashuka na watoto wake watatu wauone udongo wa baba yao. Watapita hapa.

"Batakula?" Anastasie alimuuliza.

"Sijui," alijibu Umwali. "Lakini siku ile usifunge."

Tangu hapo Anastasie amemwomba mchungaji wake asimhesabu katika mfungo wowote unaoangukia siku ya soko, na mchungaji amekubali. Maji ya meza anayachemsha mwenyewe tangu alfajiri, hata kuni zikimgharimu. Ameshaamua atakachopika. Hakitakuwa samaki. Yatakuwa maharagwe yaliyochemshwa mpaka yakalainika, na maziwa, kama atayapata, maana tangu ng'ombe waache kushuka maziwa Baraka yamekuwa ya unga.

"Sitabapatia kitu ya kujaribu," anasema. "Nitabapikia chakula ya kwabo, ile baba yabo alikulia."

Mafundi wa Mboko wamemaliza, wamelipa, wameondoka. Anastasie anafuta meza ndefu kutoka ncha moja hadi nyingine. Dereva wa pikipiki aliyeketi karibu na mlango anakunywa chai, naye anamuuliza kama anavyowauliza madereva wote kila siku: barabara ya mulima iko aje?

"Imefungwa tangu juzi, Mama Fanny. Balipiga risasi tena."

Anaitikia kwa kichwa, anakamua kitambaa. Likizo inaanza baada ya wiki tano. Kwenye rafu juu ya jiko ameshaweka sahani tatu ndogo za bati, kila moja imefunikwa na nyingine kubwa ili vumbi lisiingie.

"Bakikuja, nitaonja," anasema. "Na bakikataa kula, nitakula yote tena mbele yabo. Mpaka bakubali."