Shikamoo Zisizokwisha kwa Mama Mkwe

Nianze na aibu yenyewe, maana Salale nzima wanaijua na huko Kibiti imeshafika ikiwa imeongezwa chumvi: ni kweli, mama mkwe wangu aliamkiwa kwenye spika mbele ya kijiji, shikamoo juu ya shikamoo bila nafasi ya kupumua, na mwenye makosa ni mimi.

Mimi ni mzee wa kamba, hawa wa kuvua. Shule niliishia darasa la tatu, sifichi, na boti mbili na ghala nimevipata kwa mikono hii, sikubebwa na mtu. Mpwa wangu Zuhura aliporudi kutoka Dar na kompyuta zake nne, akitaka kuwafundisha wasichana wetu kuandika programu, nikampa chumba nyuma ya ghala. Wazazi wakagoma. Bwana Shamte, mwenye mabinti watatu, alimkuta mmoja wao na kitabu cha katuni za Kijapani alichoazima kwa Zuhura, akaona mtu ana pembe anatema moto, akatangaza kwamba kule ghalani tunafundisha uganga. (Kitabu nilikitazama mwenyewe. Kinafunguliwa kutoka kulia kama juzuu, na huyo mwenye pembe ndiye mwenye adabu kuliko wenzake wote. Lakini nani anisikilize?)

Ukaitishwa mkutano: wasichana waingie, au chumba kifungwe. Nikasema maneno hayatoshi, hawa nitawaonyesha kwa macho. Kwa Zuhura nilikuwa nimeshakaa wiki mbili najifunza programu ya kwanza kabisa ya mtu anayeanza, ile kompyuta inakuuliza jina, unaliandika, inakusalimia kwa sauti. Akanielekeza iulize na umri, ili mkubwa apewe shikamoo na mdogo apewe hujambo.

"Mtu mzima haulizwi umri," nikamwambia. "Unataka nipigwe?"

"Sasa mjomba, itajuaje?"

"Iwaamkie wote. Shikamoo haijamkosea mtu."

Basi balaa lilianzia hapo. Nikafuta swali la umri, na kwa kuwa mkono ulishaonja kazi, nikaona kwa nini nibonyeze upya kwa kila mtu, nikaongeza amri ya kurudia, ili ikimaliza huyu iende kwa mwingine. Nisichokijua ni kwamba lile swali la jina nimeliacha nje ya amri hiyo, juu yake, na ndani imebaki salamu peke yake. Zuhura akasema tuijaribu kwanza. Nikamjibu anayejaribu ni asiyejua, na kesho akae nyuma na wanawake, asinisogelee.

Asubuhi nikavaa kanzu ya Idi, nikaiweka kompyuta juu ya meza ya mnada wa samaki, nikaiunga na spika. Nikamwita mbele mama mkwe wangu, Bi Nuru, kwa sababu akikubali yeye Salale imekubali. Mbele yake jina la mkwe silitaji, kwa hiyo nikaandika Mama.

"Shikamoo Mama," kompyuta ikasema, kwa lafudhi ya Mzungu aliyefika jana.

"Marahaba," akajibu Bi Nuru, na watu wakapiga makofi, hata Shamte nikamwona anatabasamu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, baba."

"Shikamoo Mama."

Hapo nikajua. Lakini Bi Nuru hajawahi kuiacha shikamoo ya mtu ikining'inia tangu azaliwe, hakuanza siku hiyo, kwa hiyo ikawa inaamkia naye anaitikia, inaamkia anaitikia, mkono kifuani, jasho linamtoka, na mimi nabonyeza kila kibonye kilichopo pale na hakuna kinachonisikia.

"Mzee!" akapiga kelele mtani wangu, Mmatumbi mmoja asiyekosa mkutano wenye vurugu. "Unamuua mkweo kwa heshima!"

"Mjomba, nisogee?" Zuhura akaita kutoka nyuma.

"Kaa hukohuko!" (Kiburi kibaya, jamani.)

Nikavuta waya wa spika kwa nguvu, mguu ukakanyaga maji ya samaki, nikakaa, kanzu na vyote, ndani ya beseni la kamba. Na kompyuta, sasa kwa sauti yake ndogo ya tumboni, ikaendelea: Shikamoo Mama.

Bi Nuru ndiye aliyenyanyuka. Akakishika kifuniko cha kompyuta, akakifunga kama anavyofunika sufuria ya wali. Kimya. Akanitazama pale beseni nilipokaa.

"Na wewe ulipokuja kuposa ulikuwa hivihivi," akasema. "Umeshakubaliwa na bado unaongea."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika nguzo. Akawageukia. "Shamte, uganga uko wapi? Nimeona kitu chenye adabu, kimewashwa na mtu asiyejua kukizima. Wanaojua kukizima watatoka wapi kama mabinti mmewafungia ndani? Wangu wajukuu wanakwenda kesho."

Shamte akakuna ndevu. "Wangu watakwenda. Lakini mzee naye akae darasani, benchi la mbele. Huyu ndiye wa kuogopwa."

Nimekaa. Miezi sasa, mimi na wasichana kumi na mmoja, na sitoki mpaka niijue kazi hii kama ninavyojua kamba. Programu yangu haimuulizi mtu umri, inauliza: nikuamkie au utaniamkia? Ina mwisho wake, na kila nikiandika amri ya kurudia namwita Zuhura aitazame kabla sijaiwasha, hata kama kiburi hakitaki. Tena mbele ya watu sitawasha kitu ambacho sijakizima mara tatu nikiwa peke yangu.

Ijumaa iliyopita nikapita kwa Bi Nuru na kikapu cha kamba, nikasimama mlangoni nikamwamkia. Akainamisha sikio kwanza, anasubiri kama itakuja nyingine.

"Marahaba," akasema mwisho. "Leo umesimama wewe mwenyewe. Ingia."