Santuri za Amana

Walisema sitaweza. Walisema kwenye vibaraza vya maduka ya Garsen, mbele yangu, wala hawakupunguza sauti.

"Huyu hata ndama hajui ni wa ng'ombe gani," mjomba wangu alisema, "atajua waya upi ni wa moto?" Watu wakacheka mpaka chai ikawapalia.

Nilikuwa mtoto wa wafugaji niliyepelekwa shule ya bweni nikiwa na miaka saba, na kweli zizini sikuwa na faida. Walisema nitarudi kutoka Mombasa na ndara miguuni na mikono mitupu. Nilirudi na diploma ya ufundi wa elektroniki, niliyojilipia mwenyewe kwa kutengeneza redio za watu, bila mtu kuuza hata mbuzi kwa ajili yangu. Mwaka ule barabara ilipopitika tena baada ya mafuriko, nilishuka Garsen na mashine ya sidii, spika mbili zinazofika kiunoni, paneli ya sola na betri ya gari. Kutoka Kipini mpaka Hola hapakuwa na mashine kama ile. Kama ilikuwapo, mwenyewe alikuwa ameificha.

Niliileta kwa ajili ya baba. Yeye alikuwa dalali wa ng'ombe, na nyumbani alikuwa na kinanda cha santuri, kile cha sanduku kinachokula betri za tochi, pamoja na sanduku la bati lililojaa santuri. Baada ya swala ya alasiri watu walikuja kwetu kusikiliza. Zilichezwa taarabu, nyimbo za Kisomali za udi, na siku ya Ijumaa kisomo cha Kurani.

Siku ya kwanza niliwaeleza kila kitu, kama fundi. Nilisema hii haina sindano, sahani inasomwa na mwanga.

"Mwanga unasoma?" aliuliza Msomali mwenye duka, jirani yetu.

"Unasoma."

"Basi umewashinda watoto wangu."

Kwa usafi wa sauti tu, hata leo nasema sidii ilishinda. Santuri Garsen ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Vumbi liliingia kwenye mifuo yake, joto likaipinda kama chapati, na sindano butu ikaikwaruza zaidi kila ilipochezwa. Kwenye sidii nilisikia vidole vya mpiga udi vikiteleza juu ya nyuzi. Lakini upande mmoja wa santuri ulikuwa ukiisha baada ya nyimbo chache, na lazima mtu ainuke aigeuze. Katika pengo hilo watu waliongea: bei ya madume, nani anaumwa, nani anatafuta mchumba. Mashine yangu iliimba saa nzima na zaidi bila kupumua. Watu walikaa kimya kama wanaosubiri daktari, kisha wakaondoka mmojammoja. Mimi nilidhani wamestaajabu.

Halafu baba alikwenda Chewele, msibani, akakaa wiki nzima. Siku hizo alipita mtu kutoka Malindi akikusanya santuri za zamani. Nilimfungulia sanduku. Alizikagua akasikitika, kwa sababu kila jalada lilikuwa na mkato pembeni: mengine mchano mmoja, mengine miwili, mengine tundu.

"Panya," alisema.

"Panya," nikakubali, kwa aibu. Nikambadilishia santuri zote kwa sidii mpya, na kufidia kazi ya hao panya nikamwachia na kinanda chenyewe bure.

Baba aliporudi nilimketisha, nikamfungulia sanduku mwenyewe. Sidii zilimeremeta. Aliinamia sanduku, akazipekua.

"Ziko wapi za watu?"

"Za watu gani, baba?"

Alichukua kipande cha katoni, akatoa kisu chake, akakata mchano mmoja pembeni. "Huu?" Akakata wa pili kando yake. "Na hii miwili?" Hapo nikaelewa. Zilikuwa alama za masikio ya ng'ombe. Mchano mmoja ulikuwa wa mzee wa Kilelengwani, miwili ya mwenye duka. Tundu lilikuwa la mama mmoja wa kijiji cha Wema, mkulima asiye na ng'ombe hata mmoja, ambaye baba alimbunia alama yake mwenyewe.

Katika sanduku lile santuri za baba zilikuwa tano. Nyingine zote zilikuwa amana, kama ng'ombe wa maziwa anavyowekwa kwa rafiki: maziwa unakunywa wewe, ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe, na nyumba mbili zinashikana. Mtu akipata santuri Lamu au Mombasa, na kwake hana kinanda, aliiweka kwa baba na kukatiwa alama yake. Mwenye santuri yake kwetu hakuhitaji sababu nyingine ya kuja kwetu. Mtoto yeyote wa machungani angezisoma alama zile. Mimi, na diploma yangu ukutani, niliona panya.

"Tulisema nini?" mjomba aliuliza siku hiyo. Baba ndiye aliyemnyamazisha. "Jina lililochafuka ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyeaminiwa."

Nilikwenda Malindi. Nilizikuta katika baa ya hoteli moja, zimepigiliwa ukutani kwa misumari katika umbo la ua, na majalada yalishatupwa. Ile ya kisomo cha Kurani ilikuwa juu ya rafu ya chupa. Nilimsihi mhudumu mpaka akaning'olea hiyo moja. Nikiwa njiani kurudi niliizika mchangani, kama inavyozikwa karatasi ya msahafu iliyochanika. Baba hajapata kujua.

Baba aliamua fidia: mbuzi mmoja kwa kila santuri. Nilimwambia nitalipa mimi, yeye asiguse zizi lake. Nilifungua kibanda cha kutengeneza redio, na kila nilipopata mbuzi nilimpeleka. Mama wa Wema nilitangulia kumpa sidii yenye nyimbo zilezile.

"Nitaichezea wapi hii, mwanangu? Jikoni?"

"Njoo uisikilize kwetu, mama."

"Kwenu nilikuwa nakuja kusikiliza yangu." Marehemu mumewe ndiye aliyeileta, mwaka waliooana. Mbuzi alimpokea, akamfunga kwenye mgomba, akaniambia nimsalimie baba. Mwenyewe hakuja.

Ilinichukua karibu mwaka. Watu walisema sitamaliza, na hilo lilinipa nguvu kuliko chakula. Wa mwisho alikuwa jirani, mwenye duka. Nilimpelekea mbuzi wake wanne siku moja, wanono, nikiwapitisha katikati ya mji ili vibaraza vyote vione. Aliwashika mgongo mmojammoja, akafuta mkono, akanipa.

"Sasa hatudaiani, mwanangu."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama chifu. Ilikuwa alasiri. Baba alikuwa peke yake ukumbini, na mikeka ilikuwa imekunjwa, imeegemezwa ukutani. Mashine ilikuwa ikiimba, sauti safi kabisa.

"Nimemaliza, baba. Wote."

"Wote?"

"Wote. Hakuna anayetudai Garsen, Wema, wala Kilelengwani."

Aliniomba niizime mashine. Niliizima. Jirani alikuwa akicheka na watu dukani kwake, tukamsikia vizuri kabisa.

"Hata mmoja hukumbakisha, wa kuja kutudai?" baba akaniuliza.