Kitambaa cha Matonge

Wanawake wa Rosettenville wanaosukwa kwa Brigitte walizijua habari za Brussels kabla Brigitte mwenyewe hajapanda ndege. Aliwasimulia kila siku, huku vidole vyake vikikimbia vichwani mwao. Angeona jumba la mfalme. Angekula chokoleti kule kule inakotengenezwa. Angetembea barabarani bila kubana mkoba kwapani, jambo ambalo mtu wa Johannesburg hulisikia kama hadithi. Na mteja akiuliza nani anagharamia yote hayo, Brigitte alinyoosha shingo na kujibu, "Wifi yangu. Mume wako angekuwa na dada kama huyo, na wewe ungekwenda."

Wifi mwenyewe ni Léontine, dada mkubwa wa Évariste, mumewe. Alihamia Ubelgiji zamani, akapata kazi nzuri, nyumba na uraia, ila mtoto hakujaliwa. Brigitte hakuwahi kumwona kwa macho. Kwa miaka yote ya ndoa Léontine alikuwa sauti ya simu, sauti ya kushauri na kukosoa, iliyomjulia hali kila mtu nyumbani kisha ikamkumbuka Brigitte mwishoni. Maana ukoo wa Évariste ni watu wa Kalemie kule Kongo, watu wa mila na vikao, na Brigitte ni mtoto wa Lubumbashi mjini. Tangu alipoolewa walisema hajui kupiga goti, hajui kunyamaza. Alipozaa Victoire, na baadaye sana Thierry, walishukuru Mungu na kumpongeza Évariste.

Kwa hiyo mwaliko ulipokuja kwa familia nzima, tiketi na malazi, Brigitte hakuona safari. Aliona mlango unafunguliwa. Tusimwone mjinga. Mtu aliyesimamishwa nje muda mrefu, akiitwa ndani haulizi anaitiwa nini.

Brussels ilimpendeza, ingawa haikukosa ya kumchekesha. Siku ya kwanza Léontine aliwapeleka kwenye uwanja mkubwa uliozungukwa na majumba yenye nakshi za dhahabu, na Brigitte akazunguka kichwa juu mpaka akamkanyaga Mjapani. Kisha wakapita vichochoro kwenda kutazama kivutio kikubwa cha mji. Wakakuta umati, simu zimeinuliwa juu. Brigitte akajipenyeza mbele na kuona katoto ka shaba, kadogo kuliko Thierry, kanakojoa.

"Njo hii?" akauliza, yaani ndiyo hii.

"Njo hii," akajibu Léontine.

"Bantu banatoka Japani juu ya hii?"

Hata Léontine alicheka, na akamshika mkono Brigitte wakaondoka hivyo, mkono kwa mkono, kama mtu na mdogo wake. Wakala keki za moto zenye sukari mpaka Thierry akaumwa tumbo. Wakaenda kuona yale madude makubwa ya duara yanayong'aa, yaliyounganishwa kwa mabomba, wakapanda mpaka juu. Na kote huko Léontine hakuacha kumsifu. "Bibi yetu iko na macho mazuri. Bibi yetu amelea batoto na heshima." Bibi yetu, yaani mke wetu. Brigitte hakuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote wa ukoo ule. Alikuwa anavishwa kilemba cha ukoka, na kilimkaa vizuri kichwani.

Siku iliyofuata ilikuwa ya maduka. Évariste, ambaye kule Johannesburg ni mlinzi wa maduka makubwa na huyachukia maduka kwa kuyasimamia mchana kutwa, sasa aliyapenda ghafla. Alimchagulia Victoire koti zito la manyoya ndani, buti, soksi za sufu, fulana za kuvaa chini ya nguo.

"Papa Victoire," Brigitte alimwambia, "hilo koti atalivaa wapi? Joburg baridi ni ya asubuhi tu. Saa nne jua limetoka, atalibeba mkononi kama mzigo."

"Huku vitu ni imara," Évariste alijibu. "Mtoto anakua."

"Na Thierry? Yeye hakui?"

Thierry alinunuliwa kofia. Victoire, binti wa miaka kumi na tano ambaye kwa kawaida hanunuliwi nguo bila ubishi, alilivaa lile koti kimya, akajitazama kwenye kioo muda mrefu. Brigitte alidhani mwanawe amelipenda.

Mchana wakaingia Matonge, mtaa wa Wakongomani. Hapo Brigitte alijisikia amefika nyumbani: harufu ya samaki wakavu, muziki milangoni, wanawake wakiitana kwa sauti ya sokoni. Léontine akampeleka kwenye duka la vitenge lenye milango ya vioo na taa nyeupe. Vitambaa vimepangwa kutoka sakafuni hadi darini, wax ya Uholanzi, ile yenyewe ambayo kule Joburg watu huiazima kwa harusi.

"Chagua," Léontine alisema. "Chochote moyo wako unapenda. Mimi njo ninalipa."

Brigitte alikataa kwanza, kama inavyopasa. Léontine akasisitiza. Basi Brigitte akagusa hiki, akanusa kile, akamshushisha muuza duka vitambaa mpaka akatoka jasho, na mwishowe akaona cha buluu iliyoiva chenye maua ya rangi ya chungwa. Léontine hakumwachia muuza duka akifunge. Alikikunja mwenyewe, akakiweka juu ya viganja viwili na kumkabidhi. "Pokea, mama Victoire." Brigitte akapokea kwa mikono miwili, akapiga kigelegele pale pale dukani, akacheza kidogo. Wateja wakapiga makofi. Évariste alikuwa na simu, anarekodi, anatabasamu.

"Kisha kishonwe leo leo," Léontine alisema. "Pitchou iko hapa jirani."

Fundi Pitchou alimpima, akatandika kitambaa mezani na kukitia mkasi. Brigitte alisimama kando akimwelekeza shingo iweje na mikono iweje, mwenye furaha kuliko siku ya harusi yake. Siku ya harusi yake hakuna hata mmoja wa Kalemie aliyemletea leso.

Jumapili Léontine alipika, na jamaa za ukoo walioko Ubelgiji wakaja baada ya misa. Kulikuwa na fufu, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Brigitte alitoka chumbani na gauni jipya. Kila mtu alisimama. Mzee Pacifique, baba mdogo wa Évariste na mkubwa wa wote pale, alimshika mkono akamketisha karibu yake. Brigitte alikula akiwa amekaa wima, asije akadondosha mchuzi kwenye maua yale ya chungwa.

Chakula kilipoondolewa, Mzee Pacifique alikohoa, watu wakanyamaza.

"Mama mtoto amepokea?" aliuliza.

"Amepokea," Léontine akajibu. "Ameshona. Amevaa. Munamuona."

"Basi Mungu asifiwe. Kuanzia leo Victoire iko kwa shangazi yake."

Makofi yakalipuka. Brigitte naye alikwisha kuinua mikono yake apige makofi, ndipo maneno yakamfikia.

Mila ile aliijua. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko kudanganywa kwenyewe. Katika ukoo wa Évariste, shangazi asiyejaliwa mtoto anaweza kumwomba kaka yake mtoto wa kulea, na mama wa mtoto hupewa kitambaa. Akikipokea, amekubali. Asipotaka, hukirudisha kabla hakijatiwa mkasi. Kikishakatwa hakirudi, na akikivaa mezani mbele ya wazee, maneno yamekwisha. Aliwahi kumwona mama mkwe wake akisimulia jambo hilo Kalemie, akionyesha kitambaa kilichochakaa, akilia. Lakini katika simulizi ile kitambaa kililetwa nyumbani jioni, na wanawake waliojifunga viuno, na kilikuwa ndani ya ungo. Nani angekitambua ndani ya duka la vioo, katikati ya watalii? Brigitte alidhani mila hubaki zilikozaliwa. Hakujua kwamba nazo hupanda ndege.

"Mzee," alisema, na sauti ilimtoka ndogo. "Mimi nilipewa zawadi."

Mzee Pacifique aligeuka taratibu. Hakuwa mtu mbaya, na uso wake ulionyesha kushangaa kweli. "Kitambaa ulichagua wewe?"

"Nilichagua mimi."

"Fundi alipima nani?"

"Alinipima mimi. Lakini hakuna mtu aliniambia."

"Tuliona video, mwanangu. Ukoo wote uliona, mpaka Kalemie. Ulikuwa unacheza." Kisha akamtazama Évariste. "Hukumwambia bibi yako?"

Watu wote wakamtazama Évariste. Brigitte naye akamtazama, na hata wakati ule, na hasira yote ile, alimngojea. Mumewe alikuwa na neno moja tu la kusema. Angesema sikumwambia, mambo yangerudi mwanzo, kitambaa kingekuwa nguo tu, na wangepanda ndege wote wanne.

Évariste alitazama meza. "Tuliongea, mzee," alisema. "Labda amesahau."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Brigitte aliketi amekivaa. Kwamba Léontine alimchezea shere, sawa, Léontine hakuwahi kumpenda. Lakini huyu alilala naye chumba kimoja katika nyumba za kupanga za Bellevue, Johannesburg, walipokuwa wanatenganishwa na majirani kwa pazia. Huyu aliposhambuliwa na kufukuzwa kazi ya kwanza, yeye Brigitte ndiye aliyesuka vichwa usiku na mchana ili wale. Na leo mbele ya watu wake alimfanya mwanamke aliyemsahau mtoto wake kama mtu anavyosahau mwavuli.

Akamgeukia Victoire. "Ulijua?"

Binti alikuwa anafinyanga leso ya karatasi. "Papa alisema atakuambia mwenyewe. Eish, Mama, usilie mbele ya watu."

"Unataka kubaki?"

Victoire aliiweka leso mezani. Kisha akaitikia kwa kichwa, machozi yakamdondoka. "Huku naweza kusoma mpaka mwisho, Mama. Natembea mwenyewe, siogopi. Nilifikiri na wewe unafurahi. Ulikuwa unacheza."

Brigitte alimvuta mwanawe kifuani akamshika pale muda mrefu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu ule haukumruhusu kumtukana mtu. Hakupindua meza. Hakulichana gauni, ingawa mikono ilimwasha. Alimsikiliza mwanawe akihema, akajua kwamba akimlazimisha kurudi, atakuwa amembeba mtu anayetazama nyuma. Akamwachia.

Katika ndege Thierry alilala baina yao. Évariste alisubiri mpaka taa zipunguzwe, ndipo akanyoosha mkono juu ya mtoto, atafute mkono wa mkewe.

"Mama Victoire. Nilijua utakataa. Njo sababu."

Évariste aliendelea kuongea peke yake: shule, usalama, maisha ya mtoto wa mgeni Johannesburg, yale makelele ya kila mwaka ya kuambiwa warudi makwao. Yote yalikuwa kweli. Brigitte alitazama kiti cha mbele mpaka mwenzake alipochoka.

"Évariste," alisema mwishowe.

Mume alishtuka. Tangu Victoire azaliwe hakuitwa kwa jina lake na mwanamke huyu.

"Ungeniomba ningekubali. Ningelia, ningekutukana, ningekaa siku kadhaa bila kukupikia. Lakini ningekubali, kwa sababu na mimi nina macho, naona mtoto wetu anaishi wapi. Ningempeleka mimi mwenyewe, na kitambaa ningekivaa najua ninavaa nini. Mtoto hukuwa na haja ya kumwiba. Alikuwa wako."

Évariste alichukua blanketi, akamfunika Thierry aliyekuwa tayari amefunikwa.

Walifika Rosettenville asubuhi. Jirani aliyeachiwa funguo alikuwa amefagia uwanja. Wateja wawili walipita kumwona msafiri, wakauliza Brussels ikoje, na Brigitte akawasimulia majumba ya dhahabu na katoto kanakokojoa, wakacheka. Walipouliza Victoire yuko wapi, alisema amebaki kusoma kwa shangazi yake, na wanawake wale wakapiga vigelegele. Aliwashukuru, akawasindikiza mpaka getini.

Aliporudi ndani hakuingia chumba chao. Alitoa nguo zake kabatini, fungu moja baada ya jingine, akazihamishia chumba cha Victoire. Akabandua shuka, akatandika upya. Évariste alisimama mlangoni, bado amevaa viatu vya safari.

"Utalala huku?"

"Nitalala huku."

"Mpaka lini?"

Brigitte alikung'uta mto, akauweka mahali pake.

"Mpaka mwenye kitanda arudi," alisema, akafunga mlango.