Mazulia Juu ya Mawe

Binti yetu wa kwanza alizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani yetu, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, alipokuwa akitukimbiza hospitali kutoka Butimba. Gari lenyewe, la mtumba kutoka Japani, alilinunua mwezi ule ule.

Kesho yake nililipeleka ziwani. Nikasugua viti kwa sabuni, nikaanika mazulia juu ya mawe. Mzee akanifuata.

“Shikamoo. Doa halijatoka lote,” nilimwambia kwa aibu.

“Marahaba. Liache. Mtoto hajambo?”

Tulikaa pamoja mpaka mazulia yakakauka. Ndipo akaniambia kuwa yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Jioni nilimpeleka wodini. Alimpakata binti yetu mpaka muuguzi akatuomba tutoke.