Pengo la Shivachi

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, siku ambayo mama mmoja kutoka Malinya alinifundisha kazi niliyodhani naijua kuliko mtu yeyote katika mji huu wa Kakamega. Sikuwa mzee wakati huo. Nilikuwa na nywele nyeusi, shati lililonyooshwa kwa pasi, na kompyuta.

Usicheke kusikia kompyuta. Leo kila mtu anatembea nayo mfukoni, lakini zamani hizo studio za hapa mjini zilikuwa bado za kamera na chumba cha giza, na mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuleta skana. Watu walipanda ngazi kuja kuitazama tu. Nilikuwa naichukua picha iliyoliwa na mende, naipitisha kwenye skana, nakaa na kipanya siku nzima, na mwenyewe akirudi anamkuta marehemu wake ametakata, suti haina hata mkunjo. Nikaanza kujiita daktari wa picha. Hakuna aliyenipa cheo hicho. Nilijipa mwenyewe na nikakiandika mlangoni kwa rangi nyekundu.

Basi akaja Mmbone. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano hivi, mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa amekumbatia bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na picha ya baba yake, nayo ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Mabati yalikuwa yamevuja juu ya fremu msimu mzima wa mvua, kisha mchwa wakapanda ukutani kumalizia. Sikio la kushoto halikuwepo, wala bega chini yake. Paji la uso lilikuwa na ufa, mashavu yalikuwa na ukungu, na madoa meusi yalikuwa yametapakaa kuanzia mdomoni hadi shingoni.

Baba huyo, Shivachi, alifukiwa na udongo katika shimo la dhahabu huko kwao, mkewe akiwa na mimba ya miezi sita. Mimba hiyo ndiyo Mmbone.

"Sijawahi kumuona," aliniambia. "Hata hii picha, kabla nipate akili ya kuiangalia ilikuwa imeshaharibika. Sasa wiki ijayo Jumamosi watu wa mchumba wangu wanakuja nyumbani. Nataka wamkute baba ukutani. Na mimi pia nimjue."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamtolea madoa yote.

"Yote kabisa?"

"Yote kabisa," nikasema, na nilisema kwa kifua mbele.

Nilifanya kazi ile siku nne. Nisikudanganye, niliifanya kwa ustadi. Ufa wa paji la uso niliuziba hata usingejua ulikuwepo. Sikio la kulia nililinakili, nikaligeuza, nikalibandika kushoto, na bega nikalitengeneza vivyo hivyo. Mzee alikuwa amefungua mdomo kidogo akicheka, na kwenye meno ya chini palikuwa na doa jeusi. Nikachukua meno mawili ya jirani, nikayanakili, nikalifunika doa. Mzee akatoka na tabasamu la kuuzia dawa ya meno. Nikamchapisha mkubwa, nikamtia kwenye fremu mpya, na ile picha chakavu nikaitupa kwenye kapu la taka. Niliona haina kazi tena.

Alhamisi wakaja wawili, Mmbone na mama yake. Mmbone alipoona picha machozi yalimtoka. "Kumbe baba alikuwa na meno mazuri," akasema. Palikuwa na kioo kidogo ukutani, cha wateja kuchania nywele, naye akakiendea, akafunua midomo, akawa anayalinganisha meno yake na ya kwenye picha. Nami nilikuwa nimekunja mikono, nasubiri kusifiwa.

Mama yake aliichukua fremu akaenda nayo dirishani kwenye mwanga. Akaiinamisha huku na huku.

"Kijana, huyu ni nani?"

"Ni mzee wako, mama. Nimemsafisha tu."

"Huyu si Shivachi. Pengo yake iko wapi?"

Mwanangu, hapa ndipo aibu yangu ilipo. Wazee wetu wa huku waling'olewa kimila meno mawili ya chini, ya mbele, wangali watoto, na hakuna aliyehitaji kunieleza. Babu yangu mzaa baba alikuwa na pengo lile lile, na nimekula naye sahani moja miaka mingi. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta sikumwona mtu wa kwetu. Niliona madoa, na nilikuwa nimeahidi kuyatoa yote.

"Mama, pale palikuwa na doa," nikajitetea.

"Doa ni ya karatasi. Pengo ni ya mtu." Hakupandisha sauti. "Shivachi alikuwanga na ng'ombe ya kupigana. Akitoka uwanjani anapigia hiyo pengo mluzi huko chini kwa mto, na mimi nasikia, najua sasa niweke maji ya kuoga. Mluzi ndio ilikuwa inafika kwanza, halafu yeye. Sasa huyu wako atapiga mluzi na nini?"

Akamwonyesha Mmbone kwa kidevu.

"Huyu mtoto hajaona babake hata siku moja. Na wewe unamletea mtu mwingine ndio amuite baba?"

Mmbone alikuwa bado amesimama mbele ya kioo. Alifunga mdomo, akarudi akaketi, na hakuitazama tena ile fremu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kisha mama akanyoosha mkono. "Nipatie picha yangu ile ya zamani."

Nikaligeukia kapu la taka. Kwa kawaida mama aliyetufagilia alimwaga lile kapu kila asubuhi na kuchoma taka nyuma ya jengo, ila wiki hiyo alikuwa ameenda matanga Iguhu. Nikapiga magoti. Daktari wa picha mzima, na shati langu la pasi, nikawa nachokora taka mbele ya wateja. Niliipata chini kabisa, chini ya karatasi nilizojaribia rangi na ganda la ndizi, ina mkunjo mpya kwenye kona.

"Ulikuwa umemtupa," mama akasema. Maneno hayo mawili tu, na bado nayasikia.

Nikavuta stuli, nikamwomba akae kando yangu. Nilijua nini cha kufanya, na nashukuru kwamba kiburi hakikunizuia kukifanya. Nikaipitisha picha upya kwenye skana, nikaikuza mpaka uso ukajaa kioo cha kompyuta, nikaanza kumuuliza alama moja baada ya nyingine. Hii? "Ukungu. Toa." Hii shavuni? "Toa." Hii juu ya nyusi? "Hapana toa, hapo alichomwa na pembe ya ng'ombe." Tulipofika mdomoni, pengo lilikuwa pale pale, safi, na kingo za meno zinaonekana huku na huku. Lilikuwepo tangu mwanzo. Mama alicheka kidogo, akafuta macho kwa ncha ya leso.

Mmbone akasogea nyuma yetu. Sasa alikuwa anaangalia.

Tukafika kwenye sikio la kushoto. Nikamuuliza lilikuwaje. Alifikiri sana.

"Sikumbuki," akasema, na ilimuuma kusema hivyo. "Kweli sikumbuki."

"Nichukue lile la kulia niligeuze? Masikio hufanana."

"Wacha. Hapana niwekea sikio ya kutunga. Chenye hatujui, wacha hivyo."

Mwanangu, kuitoa kazi ile dukani kwangu ilikuwa kama kutoka nyumbani na kiatu kimoja. Upande mmoja uso uliong'aa, upande wa pili rangi ya kijivu tupu pale mchwa walipopita. Lakini nilimtii.

Jumamosi walinialika Malinya nami nikaenda. Tulikula obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, wageni wakaongea, na Shivachi alikuwa ukutani juu ya kiti cha mkewe. Mjomba mmoja wa bwana harusi mtarajiwa, mtu wa maswali, akaitazama picha akauliza kwa nini fundi hakumalizia sikio. Nikainamisha kichwa kwenye sahani. Mmbone ndiye aliyejibu.

"Hapo hatujui alikaaje," akasema. "Lakini kwingine kote ndiye yeye."

Nikaelewa wakati ule ule. Kama ningelibandika lile sikio la uongo, asingeweza kusema maneno hayo. Ile sehemu tupu ndiyo iliyomfanya auamini uso uliobaki. Nilirudi mjini, na kabla sijafungua kompyuta nilikwangua rangi nyekundu mlangoni nikaacha neno moja tu, *Picha*.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu juzi mmoja wenu vijana alinionyesha simu yake. Alikuwa amegusa mara moja tu, na picha ya nyanya yake iliyochakaa ikawa mpya. Ilipendeza kweli. Nikamuuliza, je, nyanya alikuwa na macho haya? Akasema hajui, simu ndiyo iliyoyaweka. Sikumgombeza, maana mimi nilimfanyia Shivachi hayo hayo kwa mkono wangu mwenyewe, na ikanichukua siku nne.

Kwa hiyo shika nasaha yangu, nami nakupa bila kusita. Tengeneza picha za watu wako, usiache mchwa wazimalize, na tumia kila chombo ulicho nacho, maana vyenu ni vizuri kuliko vyangu. Lakini picha ya kwanza usiitupe hata ikiwa imebaki kipande. Kabla hujafuta alama yoyote usoni mwa mtu, mtafute aliyemjua umuulize, tena umuulize angali hai. Ufute uchafu wa karatasi, umwachie mtu alama zake. Na pale ambapo hakuna anayejua, pawe wazi, wala usione haya kusema hujui. Hivyo ndivyo utakavyoaminiwa kwa yale unayoyajua, katika picha na katika maneno yako pia.

Mungu wetu Nyasaye aitulize mikono yako, mwanangu, na ayape macho yako subira. Ukipata watoto, wakuone ulivyo, na siku utakapokuwa picha ukutani wapite chini yako waseme bila shaka: ndiye yeye.